Darasa la Jumamosi: Toka Veranda ya Mulago Hadi Kacyiru



Kamati ya Jumuiya iliponiomba niandike ukurasa wa historia katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, nilidhani nitaandika juu ya safari yetu: kutoka Masisi mwaka 1996, miaka yetu ya Gihembe kuanzia 1997, na kuhamishiwa huku Kirehe mwaka 2021. Nilipoanza niliona kwamba habari hizo wazee wetu wanazisimulia vizuri zaidi, na wengi wenu mlizipitia kwa miguu yenu wenyewe. Basi nimechagua jambo dogo ambalo halijaandikwa katika matoleo yaliyopita, nalo ni darasa la kuchora la Jumamosi.

Nimelichagua kwa sababu ya swali. Katika mkutano wa wazazi wa mwezi Machi, papa mmoja ninayemheshimu alisimama akauliza: "Mwalimu, hizo picha zinaliwa?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lake halikuwa la mzaha. Tangu posho ilipopunguzwa mwaka 2021 kila mzazi anahesabu, na banda tunalotumia Jumamosi mchana linatakiwa kwa masomo ya marudio ya watoto wa mwaka wa tatu na wa sita wa sekondari, wenye mtihani wa taifa. Uchoraji hauna mtihani. Kamati itaamua kabla ya mwaka mpya wa shule kuanza. Siku ile sikuwa na jibu la maana, nikasema tu kwamba watoto wanapenda. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kusema.

Nianze mbali kidogo, huko Kampala. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, ambaye mume wake alikuwa daktari, alianza kuwafundisha kuchora wanafunzi wachache kwenye veranda ya nyumba yake karibu na hospitali ya Mulago. Alikuwa amesomea sanaa London katika shule ya Slade, na kabla ya kuja Uganda alikwisha kuishi Kenya, Machakos, kati ya Wakamba, ambako alivutiwa sana na kazi za mikono za wenyeji. Hakuwa na jengo la shule wala mtaala uliopitishwa na serikali. Alikuwa na veranda, karatasi, rangi, na saa za ziada za wanafunzi waliokuja baada ya masomo yale yaliyohesabiwa kuwa ndiyo masomo.

Njia yake inafaa kuelezwa, kwa sababu walimu wengi wa kuchora, mimi nikiwa mmoja wao hapo mwanzo, wanafanya kinyume chake. Hakuwawekea wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia kisa, kwa mfano watu wanaorudi shambani mvua ikinyesha, kisha akawaacha wachore kile walichokiona kichwani mwao. Mwaka 1938 kazi zao ziliwekwa katika maonyesho kwenye Kanisa Kuu la Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa London katika jumba lililoitwa Imperial Institute. Yaani ilichukua miaka miwili tu toka verandani hadi ng'ambo ya bahari. Baadaye darasa lile liliingia Makerere, likawa shule kamili ya sanaa, na shule hiyo ikaja kupewa jina lake. Mwenyewe alistaafu mwaka 1958.

Waliopita mikononi mwake hawakuwa watu wa kupoteza muda. Gregory Maloba kutoka Kenya ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962, ule unaoonyesha mama aliyefungwa vitambaa mwilini akimwinua mtoto juu. Elimo Njau wa Marangu alichora kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya, Kristo akiwa Mwafrika na nyuma yake vilima vya nchi ile ile, kisha mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi. Sam Ntiro, mtoto wa Machame chini ya Kilimanjaro, picha yake moja ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 yeye ndiye aliyetumwa London kuiwakilisha nchi. Papa wetu aliyeuliza kama picha zinaliwa atafurahi kusikia kwamba huyu alikula mezani pa mabalozi.

Sisemi haya kwa kumsifu mzungu aliyetuletea uchoraji. Hakuuleta, ulikuwapo, na nitaufikia hivi punde. Wako pia waliomlaumu Bibi Trowell kwamba aliamua mwenyewe kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika, akawanyima wanafunzi mbinu za Ulaya hata pale walipozitaka. Lawama hiyo ina haki yake. Mtoto akitaka kujua namna ya kuchora barabara inayokwenda mbali hadi ikawa nyembamba, mwalimu hana ruhusa ya kumwambia kwamba hilo si la asili yake.

Kwetu Kongo nako mambo yalianzia bandani. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliwakusanya vijana Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mahali palipoitwa kwa Kifaransa Le Hangar, maana yake ndiyo hiyo hiyo, banda. Kati yao walikuwamo Pilipili Mulongoy, aliyechora samaki, ndege na nyoka, Mwenze Kibwanga, na Bela, ambaye hakutumia brashi bali alichovya ncha za vidole kwenye rangi akajaza karatasi nzima kwa nukta. Huyo Mfaransa alifariki mwaka 1954, na wanafunzi wake wakapokelewa na chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha katika mji huo huo mwaka 1951. Angalieni mpangilio wa miaka: banda lilitangulia, chuo kikafuata.

Na wale wasiopata mzungu wala chuo? Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Karibu mwaka 1968 alianza kuchora wanyama kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari. Hakuwahi kusomea uchoraji. Aliwafundisha ndugu na jamaa zake kwa kuwakalisha karibu naye, naye alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 walikuwa wamekwisha jifunza kiasi cha kuendelea bila yeye. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima, na hata mtoto anayeuza picha kwa watalii ufukweni anasema anauza tingatinga.

Sasa nirudi Rwanda, nchi iliyotupokea, na hasa katika wilaya hii tuliyomo.

Wengi wetu tulipofika Kirehe hatukujua kwamba tumeletwa mahali ambapo wanawake walichora kuta kabla ya mkoloni kufika. Kazi hiyo inaitwa imigongo. Msikilizeni neno lenyewe: ni migongo yetu ya Kiswahili. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikabandikwa ubaoni au ukutani kwa vidole hadi ikafanya matuta, migongo, ya mistari inayopinda, ya pembe na ya mizunguko. Ikikauka hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, zilizotoka kwenye udongo, majivu na utomvu wa mimea. Wazee wa hapa wanasema ilianzishwa na Kakira, mtoto wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, aliyependa nyumba yake iwe nzuri ndani. Iwe ni yeye au la, walioitunza ni akina mama, na walijifunza kwa mama zao, si shuleni. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yalikaribia kuifuta, maana waliokuwa na ujuzi huo waliuawa pamoja na wengine. Wajane wa Nyarubuye ndio walioifufua kwa kujiunga katika ushirika.

Shule ya sanaa ya kisasa ilikuwa mbali na hapa, Nyundo, karibu na Gisenyi. Ilianzishwa miaka ya 1950 chini ya Kanisa Katoliki, na kwa muda mrefu mtoto aliyetaka kusomea uchoraji alielekezwa huko. Kigali haikuwa na kitu cha namna hiyo. Mji wenyewe ni mchanga: Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907, ukawa mji mkuu mwaka 1962 tu, na mambo ya elimu ya juu yalikuwa Butare.

Hapa ndipo wakimbizi wanapoingia katika historia hii, na naomba tusome polepole.

Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wengi walikimbia Rwanda, na sehemu yao kubwa ilikwenda Uganda. Waliishi makambini kama sisi, Nakivale na kwingineko, wakazaa watoto huko. Baada ya 1994 wengi walirudi, nao watoto hao wakaja Kigali wakiwa na Kiganda, Kiingereza na Kiswahili, na baadhi yao wakiwa na mkono wa kuchora. Mwaka 2007 Collin Sekajugo, aliyezaliwa Masaka, Uganda, mwaka 1980, alifungua Kigali karakana ya wasanii aliyoiita Ivuka. Kwa Kinyarwanda neno hilo ni kuzaliwa. Kwa Kiswahili sisi tunasikia kuvuka, na nadhani katika maisha ya mtu kama yeye maana zote mbili ni za kweli. Vijana walichora pale bila kudaiwa cheti cha shule ya sanaa, na kulikuwa pia na watoto waliofundishwa ngoma. Mwaka 2012 ndugu wawili waliokulia Uganda, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, waliojifunza kuchora wenyewe, walifungua Inema huko Kacyiru. Inema maana yake ni neema. Baada ya hapo karakana zikaongezeka mjini, kubwa na ndogo, na nyingine zikafa kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Sekajugo baadaye alianzisha kijiji cha wasanii kwao Masaka, na mwaka 2022 alikuwa mmoja wa wasanii wawili walioiwakilisha Uganda katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, mara ya kwanza kwa Uganda kuwa na ukumbi wake huko. Majaji waliutaja ukumbi huo kwa heshima ya pekee.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuchora ni starehe ya watoto wa mjini wenye kushiba, namwambia atazame ni nani walioanzisha mambo haya Kigali.

Niliona sehemu ya mwanzo huo kwa macho yangu. Likizo ya mwaka 2012 nilikuwa kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa ualimu, nikakaa kwa shangazi yangu Kimisagara. Mtoto wa jirani, aliyekuwa sekondari, aliniambia kuna mahali anakwenda Jumamosi kuchora. Nikamfuata. Ilikuwa karakana ndogo uani kwa mtu, nayo haipo tena. Tulikuwa kama kumi na wanne, wengine bado wana sweta za shule. Masomo yalianza saa saba mchana ili watu wamalize kufua, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili wamalize umuganda. Mwaka wa pili walihamishia Jumapili jioni, kwa kuwa nusu ya darasa walikuwa Wasabato.

Mwalimu hakuanza na penseli. Aliweka mezani sufuria iliyotoboka, jagi la plastiki na kandambili moja, akatuambia tutazame tu. Dakika kumi, ishirini. Mmoja akasinzia. Kisha akafunika vitu vile kwa gunia akasema: chora. Mimi niliyejiona fundi nilichora sufuria nzuri ya duara, yenye mikono miwili. Alipofunua gunia niliona sufuria ile ilikuwa na mkono mmoja tu. Nilikuwa nimechora sufuria ninayoijua, si ile niliyoitazama. Katika chuo cha ualimu walitufundisha saikolojia ya mtoto kwa mihula miwili, lakini ule mkono mmoja wa sufuria ndio ulionifundisha kwamba mwanafunzi anaweza kutazama ubao saa nzima bila kuuona.

Nilijiona fundi kwa sababu ya Gihembe. Nilipokuwa mdogo nilichora kwa mkaa kwenye kila kitu kilichokuwa na upande mweupe. Siku moja nilichora kilima cha Byumba na nyumba zetu za turubai nyuma ya daftari la hesabu. Mwalimu wa shule niliyosoma alichana ukurasa ule mbele ya darasa, akanichapa. Simlaumu sana leo, daftari lilikuwa la msaada na lilikuwa moja kwa muhula mzima. Lakini miaka mingi baadaye, Gihembe ilipofungwa na nyumba zile zikabomolewa, nilitafuta picha ya mahali nilipokulia nikakosa. Ule ukurasa ndio uliokuwa picha yenyewe.

Wenzangu wale wa mwaka 2012 wako wapi? Nitasema kweli, kwa sababu papa aliuliza juu ya chakula. Wengi si wasanii. Mmoja anaandika majina na kuchora nembo kwenye milango ya maduka, na anaishi kwa kazi hiyo. Mmoja anachora ramani za nyumba. Msichana aliyekuwa akificha michoro yake ndani ya Biblia asije baba yake akaiona, leo ni muuguzi. Alinieleza kwamba huwachorea wagonjwa wasiojua kusoma jua na mwezi ili wajue saa za kumeza vidonge. Wawili tu ndio wanaouza picha, na mmoja wao bado anaomba nauli. Sitawadanganya wazazi kwamba darasa la Jumamosi litaleta Venice kambini.

Serikali nayo haikuliacha somo hili nje kabisa. Katika mtaala mpya wa Rwanda, ulioanza kutumika mwaka 2016, sanaa imo kati ya masomo ya hiari ya sekondari. Ila shule yenye walimu wachache na mtihani mbele yake itatoa saa zake kwa fizikia na hesabu, nami ningekuwa mkuu wa shule pengine ningefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana Jumamosi imekuwa siku ya kuchora Kigali na hapa kwetu pia. Ni saa ambayo hakuna mtu mwingine aliyeitaka, hadi mwezi wa tatu mwaka huu.

Darasa letu lilianza mwaka 2022 na wanafunzi tisa. Sasa ni ishirini na sita, kumi tu wakiwa wasichana, kwa sababu Jumamosi msichana ana maji, ana nguo, ana wadogo zake. Wazazi, hili naliomba hata kama banda litachukuliwa: mpeni binti saa mbili. Tunachora juu ya maboksi tunayopewa na wenye maduka ya sokoni. Mkaa ulitupa shida ya ajabu: Gihembe ulikuwa kila mahali, lakini hapa tulikuta watu wanapikia gesi, ikabidi tuvuke barabara kuomba mkaa kwa wenyeji. Kwa njia hiyo tukapata mwalimu wa pili. Bibi mmoja aliyetupa mkaa aliuliza ni wa nini, tulipomwambia akasema nyumba ya mama yake ilikuwa na imigongo ukutani. Alikuja Jumamosi iliyofuata na ndoo ya samadi. Watoto wa mjini wangekimbia. Wetu wazazi wao walifuga Masisi, wakaingiza mikono hadi viwikoni, na wale wa Burundi waliokuwa wakisitasita wakaona aibu wakafuata. Bibi alicheka akasema hajawahi kuona wanaume wakifanya kazi hiyo vibaya kiasi kile.

Mwaka 2023 wanafunzi wanane walipata kibali cha siku moja, tukaenda Kanombe, upande wa Kigali mtu anaoufikia kwanza akitokea huku. Kuna jumba la makumbusho ya sanaa lililofunguliwa mwaka 2018 katika nyumba iliyokuwa ikulu ya Rais Habyarimana. Mabaki ya ndege yake, iliyotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, bado yako karibu na ua. Wanafunzi waliyatazama kimya, kisha wakaingia ndani kutazama picha, na huko wakaanza kusema, kubishana na kuhesabu bei. Mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kumbe nyumba ya rais inaweza kuwa ya michoro?" Sikuongeza neno.

Sasa neno kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, ambao najua mnasoma bulletini hii. Mnapolitaja darasa letu katika ripoti mnaliita msaada wa kisaikolojia. Sikatai, mtoto akichora hutulia, na wako ambao hutulia Jumamosi tu. Lakini wageni wakija huomba michoro ya vita. Mwaka jana mgeni mmoja aliwaambia watoto wachore "kile kilichowafukuza". Watoto wengi wa darasa langu wamezaliwa Rwanda. Walichora bunduki walizoziona kwenye simu. Yuko msichana mmoja ambaye kwa kweli aliona, alifika na mama yake kutoka Kivu Kaskazini si zamani. Yeye huchora masufuria. Kila Jumamosi ni masufuria, mapya na makuukuu, yenye vifuniko na yasiyo na vifuniko, na sasa anayachora vizuri kuliko mimi. Mgeni aliupita mchoro wake bila kusimama. Nisingependa mtu amwulize masufuria hayo yalikuwa ya nani. Akitaka atasema. Mimi kazi yangu ni kumwonyesha kwamba kivuli cha sufuria kinaangukia upande usio na mwanga.

Juu ya banda, pendekezo langu kwa Kamati ni hili. Masomo ya marudio yachukue asubuhi yote hadi saa sita, na mimi mwenyewe niko tayari kufundisha Kiingereza humo bila malipo. Sisi tubaki na saa nane hadi saa kumi. Jumamosi ya umuganda tutaliacha kabisa. Ikiwa hilo haliwezekani, tutatafuta kivuli cha ukuta wa ghala, kwa kuwa hata Mulago walianzia verandani, ila huko mvua ilikuwa ikiwalazimu kusogea ndani na sisi hatuna ndani pa kusogea.

Tarehe 20 Juni michoro arobaini itatundikwa kwenye kamba nje ya banda, kuanzia saa nne asubuhi hadi mwisho wa ngoma. Papa wangu wa mwezi Machi nimemwalika kwa barua, na amejibu kwamba atakuja. Hatuna fremu wala misumari, tunatumia vibanio vya nguo. Akina mama waliotuazima mwaka jana wanasema havikurudi vyote. Ni kweli, vilipotea kumi na kimoja. Safari hii kila kibanio kimeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu, na msichana wa masufuria ndiye anayetunza orodha.